Juliana Rotich: kutoka ramani ya vita vya Kenya hadi tofali la intaneti

Miti, wilayani Kabare – Kwenye njia panda ya Miti habari zinafika kwa barabara mbili. Moja inafuata ziwa, ikitoka Kalehe, Katana na Kavumu. Nyingine inatoka Hombo na Bunyakiri, ikikata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Siku za amani, msafiri akishuka kwenye gari anaulizwa bei ya muhogo na ya gunia la makala. Siku za vita anaulizwa jambo moja tu: wamefika wapi? Jibu la uongo linaweza kutoa kijiji kizima usiku, wagonjwa na watoto wachanga njiani, bure. Jibu la kweli likichelewa, kuna watakaokutwa ndani ya nyumba. Familia za wahami zinazoishi Miti na vijiji vya jirani hazihitaji kufundishwa jambo hilo.

Swali hilohilo, likiulizwa katika nchi nyingine, ndilo lililozaa mojawapo ya kazi kubwa za intaneti zilizowahi kutoka Afrika. Kati ya walioianzisha ni mwanamke Mkenya, Juliana Rotich. Maisha yake yanafaa kujulikana hapa. Sifa alizopata Ulaya na Marekani si sababu kubwa. Sababu ni kwamba vitu vyote viwili alivyojulikana navyo alivijenga pamoja na wenzake akifikiria mahali ambapo umeme unakatika, mtandao unaondoka, na raia ana simu ndogo tu mkononi.

Rotich alizaliwa mwaka 1977. Alisomea mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri, mjini Kansas City, Marekani, na baada ya masomo alifanya kazi kwa miaka katika sekta ya simu na data. Ni kazi isiyo na sifa: mteja anakumbuka kwamba upo siku ile mashine zinaposimama. Lakini ilimfundisha kwamba mtandao ni nyaya, betri, minara na watu wa kuvitunza. Kimoja kikikosekana, vingine vyote havina faida.

Nje ya kazi ya mshahara alikuwa akiandika kwenye intaneti kwa jina la Afromusing, hasa kuhusu mazingira na nishati ya jua na upepo. Mwezi wa 6 mwaka 2007 alikuwa Arusha, Tanzania, kwenye mkutano wa TED uliokusanya vijana wa Afrika wenye mawazo mapya. Watu ambao mpaka hapo walisomana tu kwenye skrini walipata kukaa meza moja. Urafiki huo ulionekana mdogo wakati ule. Miezi sita baadaye ulikuwa na kazi ya kufanya.

Tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2007 Wakenya walipiga kura kumchagua rais. Tarehe 30 matokeo yalitangazwa, upande mmoja ukayakataa, na ghasia zikalipuka. Siku hiyohiyo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwenye redio na televisheni. Raia walisikia milio ya risasi nje ya nyumba zao, huku ndani redio ikipiga muziki. Rotich alikuwa nchini wakati huo, eneo la Eldoret, katika Bonde la Ufa, akituma habari kwenye intaneti kwa kadiri mtandao ulivyoruhusu. Karibu na Eldoret, tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu walihama makwao.

Mwenzake, mwanasheria Ory Okolloh, alikuwa akipokea ujumbe mwingi kutoka kwa watu walioona mambo kwa macho yao: hapa nyumba zimechomwa, pale barabara imefungwa. Mtu mmoja hawezi kuandika yote hayo. Mwanzoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2008 alitoa wazo hadharani: je, hakuna mafundi wa kutengeneza ramani ambayo kila raia anaweza kuweka alichokiona? Waliitikia David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, na Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudani na Kenya. Rotich akaungana nao. Kwa siku chache tu, kila mtu akiwa mji wake, kazi ikasimama. Wakaipa jina ambalo mtoto yeyote wa Miti analielewa: Ushahidi.

Tuseme pia jambo ambalo watu wa Kivu wataliona haraka. Wakati ule Kenya ilikuwa ikigawanyika kwa makabila, na jina la mtu lilitosha kumponza kwenye kizuizi cha barabarani. Walioanzisha Ushahidi hawakuwa wa kabila moja. Hawakukutana ili kuandika nani ana haki. Walikutana ili mtu akiuawa, wa upande wowote, kifo chake kisipotee bila kuandikwa.

Namna ilivyofanya kazi haikuwa ya uchawi. Raia anaandika ujumbe mfupi kwa simu ya kawaida, au anajaza fomu kwenye intaneti: nini kimetokea, wapi, lini. Ujumbe hauendi moja kwa moja kwenye ramani. Kwanza mtu anausoma. Anatafuta mahali palipotajwa, anaangalia kama kuna wengine waliosema habari ileile, anauliza mashirika yaliyo karibu, kisha ndipo anaweka alama. Habari iliyothibitishwa inatofautishwa na ile ambayo bado. Miezi ile ya kwanza Okolloh mwenyewe alikuwa akikesha akisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Watu wengi wanapoisifia Ushahidi wanaisifia kompyuta. Lakini programu ilikuwa meza tu. Kazi ilikuwa kuchuja.

Tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka 2008 wakubwa wa Kenya walitia sahihi mapatano chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Ramani haikuleta amani hiyo, na haikumzuia aliyeshika panga. Kilichobaki ni kumbukumbu ambayo hakuna mkubwa aliyeweza kuifuta kwa kusema kwamba jambo fulani halikutokea.

Hapo ndipo kazi ya Rotich kama mwanzilishi wa kampuni inapoanza kweli. Kujenga kitu kwa siku chache wakati wa hatari ni jambo moja. Kukifanya kidumu miaka ni jambo jingine. Kundi hilo liliamua programu yao iwe huria: mtu yeyote, nchi yoyote, aichukue bila kulipa, aibadilishe kwa mahitaji yake. Rotich akawa mmoja wa viongozi, na baadaye mkurugenzi mtendaji. Kazi yake ilikuwa kutafuta fedha, kuajiri, kusafiri, kueleza, na kuhakikisha mishahara inapatikana wakati bidhaa yenyewe inatolewa bure.

Mashariki ya Kongo ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kabisa kujaribu kazi hiyo nje ya Kenya. Mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2008 waasi wa CNDP walikaribia Goma, na watu kwa maelfu wakamiminika barabarani. Mwezi wa 11 ramani ya Ushahidi ikafunguliwa kwa ajili ya Kongo. Mtu aliyekimbia wakati ule anaweza kusema hakuwahi kuisikia, na hiyo yenyewe ni sehemu ya habari. Kenya ya 2008 ilikuwa na mji kama Nairobi, wenye watu wengi wanaoandika na kusoma kwenye intaneti, na raia wake wengi walio nje walikuwa tayari kusaidia. Kijiji kilichokimbia Rutshuru hakikuwa na hayo. Kutuma ujumbe kunahitaji unite, unite zinahitaji fedha, na simu isiyo na moto haitumi kitu. Zaidi ya hayo, mtu lazima ajue namba ya kutumia na aamini kwamba aliyeko upande wa pili hatamuuza.

Tofauti ilionekana Haiti. Tetemeko la tarehe 12 mwezi wa 1 mwaka 2010 lilibomoa mji mkuu, Port-au-Prince. Usiku uleule kundi la wanafunzi na wasaidizi karibu na Boston, Marekani, wakiongozwa na Patrick Meier, lilifungua ramani ya Ushahidi. Siku chache baadaye ikapatikana namba fupi, 4636, ya kutuma ujumbe bure. Redio za Haiti zikaitangaza. Watu waliokwama na wenye njaa wakaandika kwa Krioli, lugha yao, na Wahaiti walioko nje wakatafsiri ujumbe huo usiku na mchana ili waokoaji wageni wauelewe. Ujumbe ulifika kwa makumi ya maelfu. Namba ya bure, lugha ya nyumbani na redio ya kuitangaza: hivyo vitatu ndivyo vilivyofanya programu ya Nairobi imfikie mtu mwenye shida. Bila redio, ramani ingebaki kitu cha wataalamu.

Baada ya Haiti, Ushahidi ilitumiwa katika nchi zaidi ya 100, kwa uchaguzi, mafuriko, moto wa misituni na hata mambo madogo ya mitaani. Mwezi wa 3 mwaka 2010 waanzilishi wake walifungua pia iHub mjini Nairobi, nyumba ambamo vijana wa kompyuta walipata meza, intaneti ya haraka na watu wa kubadilishana nao mawazo. Makampuni mengi machanga ya Kenya yalipitia humo.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo Rotich aliendelea kuliona kila siku. Mpaka mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake, kwa bei kubwa. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na bei zikaanza kushuka. Hata hivyo umeme uliendelea kukatika. Kila unapokatika, kifaa kinachogawa intaneti ofisini kinazimika, na watu kumi wanakaa wakitazamana. Vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya miji ambayo umeme haukatiki. Hakuna aliyekuwa amefikiria Nairobi, sembuse Kabare.

Mwaka 2013 Rotich na wenzake wakatoa jibu: kifaa walichokiita BRCK, kwa sababu kina umbo na ukubwa wa tofali. Ndani yake kuna betri ya kufanya kazi kama saa nane bila umeme. Kikipata waya wa intaneti kinautumia. Waya ukikatika kinahamia chenyewe kwenye mtandao wa simu kupitia kadi iliyomo. Watu hadi 20 wanaweza kuunganisha vifaa vyao. Ili kupata mtaji hawakwenda benki kwanza. Waliomba mchango wa watu wa kawaida kwenye intaneti, karibu kama watu wanavyochanga kwa ajili ya harusi au msiba, ila hapa kila aliyechangia kiasi cha kutosha aliahidiwa kifaa. Walihitaji dola 125,000. Walipata zaidi ya dola 170,000.

Mwaka huohuo Rotich alikieleza kifaa hicho kwenye jukwaa la TED huko Scotland, na wengi walishangaa kwamba wazo lilitoka Nairobi. Kwa mtu wa Kivu hakuna cha kushangaza. Fundi wa Miti anayefunga paneli ya jua juu ya kibanda ili achaji simu za watu ana akili ya namna hiyohiyo: anaanza na shida iliyopo mbele yake. Tofauti ni shule, mtaji, na wenzake wa kumshika mkono.

Bei lazima isemwe pia. BRCK ya kwanza iliuzwa kwa dola 199. Hakuna mama mkulima wa Kabare atakayenunua kifaa cha bei hiyo. Kilifaa shule, kituo cha afya, ofisi ya shirika, ambako kimoja kinahudumia watu wengi. Waliokitengeneza waliliona hilo. Mwaka 2015 walitoa sanduku la shule, Kio Kit, lenye kompyuta bapa 40 zinazochajiwa ndani ya sanduku lenyewe. Baadaye wakaanza kugawa intaneti ya bure ndani ya matatu za Nairobi, wakilipwa na makampuni yanayotangaza biashara zao. Kila hatua ilikuwa jaribio la kujibu swali moja gumu: nani atalipa, ikiwa anayehitaji zaidi ndiye asiye na kitu? Swali hilo halijapata jibu kamili, si Kenya wala Kongo.

Sifa zilikuja. Mwaka 2013 Ushahidi ilipewa tuzo ya MacArthur ya Marekani kwa taasisi zinazofanya kazi vizuri. Mwaka 2019 Rotich mwenyewe alipewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani. Lakini anayetazama kazi yake akiwa Miti hataishia kwenye tuzo. Ataona mambo mawili ambayo yanamhusu moja kwa moja.

La kwanza ni kwamba habari ya kweli ni msaada kama unga na hema. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilipofika Goma, umeme na intaneti vilikatika siku zilezile ambazo watu walitafuta ndugu zao. Mwezi wa 2 vilipofika Kavumu na Bukavu, benki zilifungwa, na kwa familia nyingi simu ikawa ndiyo mkoba wa fedha, ndiyo barua, ndiyo kitambulisho cha mwisho cha kujua nani yuko hai. Mama ambaye mtoto wake ameachwa upande mwingine wa mstari wa vita hahitaji hotuba juu ya maendeleo ya teknolojia. Anahitaji mahali pa kuchaji simu, mtandao kwa dakika tano, na mtu atakayemwambia ukweli. Anayepanga msaada bila kuweka mambo hayo kwenye orodha hajamaliza orodha yake.

La pili ni kwamba habari ina hatari yake. Ramani inayoonyesha walipojificha watu inasomwa na anayewatafuta pia. Ujumbe wenye jina la mwanamke aliyebakwa unaweza kumrudisha kwenye mateso. Picha ya maiti inayozungushwa kwenye simu inafika kwa mtoto wa marehemu kabla mtu hajamwita pembeni na kumwambia. Kuchuja, kazi ileile iliyomfanya Okolloh akeshe mwaka 2008, sasa iko mikononi mwa kila mwenye simu, kwa sababu kila mwenye simu ni mtangazaji. Na sauti ngeni ikituma kwamba adui amefika Hombo, mkono unataka kuipeleka mbele kabla akili haijauliza.

Maswali ya kuuliza ni yaleyale ya ramani ya Kenya, na hayagharimu unite hata moja. Nani ameona kwa macho yake, au wote wanasema wameambiwa? Ni wapi hasa: kijiji gani, upande gani wa mto, karibu na kanisa gani? Ni lini: leo asubuhi, au ni sauti ya mwaka jana inayorudi? Kama maswali hayo hayana jibu, ujumbe ubaki hapo ulipo, na mtu apige simu kwa anayeishi kule, au amuulize chefu wa kijiji, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu. Kama yana jibu, watu waambiwe bila kuchelewa, lakini majina ya walioumizwa na mahali walipojificha visitajwe.

Juliana Rotich na wenzake waliyafanya hayo kwa kompyuta, na dunia ikajifunza neno moja la Kiswahili. Maana ya neno hilo inajulikana hapa tangu zamani, kwenye baraza za wazee na mahakamani: shahidi ni yule aliyekuwepo, anayesema alichokiona, na anayenyamaza pale ambapo hakuona.